Figo humwaga vyote, kisha huokoa vilivyo vyema

Ndugu msomaji, tangu ulipoamka leo asubuhi hadi saa hii unapousoma ukurasa huu, bila shaka umekwisha kwenda haja ndogo mara mbili au tatu, wala hukusimama hata mara moja kujiuliza maji yale yametoka wapi. Wengi wetu tukiulizwa hujibu upesi kwamba mkojo ni ile chai na yale maji tuliyokunywa, yakipita mwilini na kutokea upande wa pili kama mvua ipitavyo katika mlizamu wa paa. Jibu hilo si sahihi. Hakuna njia iendayo moja kwa moja kutoka tumboni hadi kibofuni. Maji unayokunywa hufyonzwa na utumbo, huingia katika damu, na damu huyazungusha mwili mzima. Kila tone la mkojo lilikuwa kwanza sehemu ya damu yako. Lilipita moyoni, likapita mapafuni, na hatimaye likafika katika figo, ambako iliamuliwa kwamba mwili hauna haja nalo tena.

Huko kuamua ndiko kiini cha makala haya. Shuleni tulifundishwa kwamba figo ni chujio, na ni kweli. Lakini kuchuja ni nusu tu ya kazi yenyewe, tena ni nusu iliyo nyepesi. Ukiifahamu nusu ya pili utafahamu pia kwa nini kisukari na presha huziua figo, kwa nini mhudumu wa kliniki humtaka mama mja mzito alete mkojo wake, na kwa nini mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya figo zake huku akienda kazini kila siku bila kuhisi lolote.

FIGO ZIKO WAPI?

Figo ziko nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, zikikingwa kwa sehemu na mbavu za chini. Ile ya kulia hukaa chini kidogo kuliko ya kushoto, kwa kuwa ini limeichukua nafasi ya juu. Kila moja ina umbo la haragwe, urefu wa sentimita 11 hivi, na uzito wa kiasi cha gramu 150.

Ikiwa hujapata kuitazama figo kwa makini, nunua ya mbuzi buchani na uipasue kwa urefu kabla ya kuitia chunguni. Utaona sehemu ya nje yenye rangi nzito. Ndani yake utaona sehemu yenye michirizi inayoelekea katikati. Na katikati kabisa utaona uwazi mweupe. Katika ile sehemu ya nje ndimo yalimo machujio. Michirizi ni mirija. Uwazi ni bakuli ambamo mkojo hukusanyika kabla ya kuteremka kibofuni. Figo ya binadamu imejengwa kwa mpango huo huo, isipokuwa michirizi yake imegawanyika mafungu mafungu.

Figo zote mbili kwa pamoja hazifiki nusu kilo. Hata hivyo, moyo wa mtu aliyetulia usukumapo lita tano za damu kwa dakika moja, lita moja na zaidi huelekea kwenye figo. Viungo viwili vidogo hivyo hupokea sehemu moja kwa tano ya damu yote inayotoka moyoni, usiku na mchana. Kiungo hakipewi damu nyingi namna hiyo bila sababu.

HATUA YA KWANZA: KUKAMUA

Damu iingiapo ndani ya figo hugawanyika katika mishipa inayozidi kuwa myembamba, mpaka ifike katika vifundo vidogo mno vya vishipa vilivyojiviringa kama uzi uliokunjamana. Kila figo ina vifundo vya namna hiyo kiasi cha milioni moja. Kila kifundo kimekaa ndani ya kifuko kilicho kama kikombe, na katika kifuko hicho huanzia mrija mwembamba. Kifundo, kifuko na mrija wake, vikihesabiwa kuwa kitu kimoja, huitwa nefroni. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Uingereza, William Bowman, alionyesha kwa hadubini kwamba kifuko na mrija vimeungana, na ndiyo maana mpaka leo kifuko hicho huitwa kwa jina lake.

Sasa mfikirie mama anayetayarisha tui. Nazi iliyokunwa huitia maji, huijaza katika kifumbu, kisha hukamua. Tui hupita, machicha hubaki. Kuta za vishipa vya figo zina matundu madogo sana, na nguvu ya kukamua hutoka moyoni: kila pigo la moyo huisukuma damu dhidi ya kuta hizo. Maji hupita. Chumvi hupita, na sukari hupita, pamoja na taka zilizoyeyuka. Chembe nyekundu za damu na protini kubwa haziwezi kupenya. Hubaki ndani ya mshipa kama machicha katika kifumbu, na kuendelea na safari yake.

Kiasi kinachokamuliwa ndicho kinachoshangaza. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kama mililita 120 kwa kila dakika. Ukizidisha kwa saa 24 utapata lita zipatazo 180 kwa siku, yaani ndoo tisa za lita 20 zilizojaa hadi juu. Maji yote ya damu ya mtu, ukiziondoa chembe zake, hayazidi lita tatu hivi. Maana yake ni kwamba maji hayo hayo hukamuliwa mara 60 hivi kila siku.

Hapo, msomaji, yafaa usimame kidogo. Ikiwa figo hutoa lita 180 kwa siku, na wewe hukojoa lita moja na nusu hivi, lita nyingine zote zimekwenda wapi?

HATUA YA PILI: KUOKOA

Zimerudishwa. Katika kila lita 100 zinazokamuliwa, zaidi ya 99 hurudi katika damu kabla hazijafika kibofuni. Hii ndiyo nusu ya pili ya habari, nayo ndiyo nzito.

Kutoka katika kifuko, maji yale huingia katika mrija wenye urefu wa sentimita tatu au zaidi. Ni kipande kifupi, lakini ukiiunganisha mirija ya figo zote mbili utapata uzi wa zaidi ya kilomita 60, takriban safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Ukuta wa mrija umejengwa kwa seli zilizo hai zinazofanya kazi ya kuokota. Mwanzoni mwa mrija seli hizo hurudisha theluthi mbili hivi za maji na chumvi. Sukari hurudishwa yote huko huko. Mrija kisha huteremka hadi ndani ya figo, hujikunja na kupanda tena, na kila hatua kitu fulani huokolewa au kuachwa.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa chura. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, Marekani, Joseph Wearn na Alfred Newton Richards walichukua sindano ya kioo nyembamba mno, wakaichoma chini ya hadubini hadi ndani ya kifuko kimoja cha figo ya chura, wakafyonza maji yaliyokuwamo. Walikuta maji hayo hayana protini, lakini yana sukari na chumvi, hata pale ambapo mkojo uliokuwa katika kibofu cha chura huyo huyo haukuwa na sukari wala chumvi. Ilidhihirika kwamba vitu hivyo hutoka kwanza, kisha huchukuliwa tena njiani.

Tazama kiasi cha mali inayookolewa. Kila siku zaidi ya kilo moja ya chumvi humwagwa katika mirija na karibu yote hurudishwa. Sukari kiasi cha gramu 160, zaidi ya nusu ya robo kilo, humwagwa na kurudishwa yote. Kazi hiyo ina gharama yake: sehemu kubwa ya oksijeni inayotumiwa na figo hutumika katika kuirudisha chumvi. Kukamua hakuisumbui figo sana, kwa kuwa nguvu ni ya moyo. Kuokoa ndiko kunakoichosha.

KWA NINI KAZI MARA MBILI?

Msomaji mwenye akili ya hesabu atauliza: kwa nini figo zisitupe taka peke yake tangu mwanzo, badala ya kumwaga kila kitu na kuanza kuokota?

Jibu utalipata nyumbani kwako, katika siku zile za kujiandaa kwa sikukuu. Chumba kilichojaa vitu vya mwaka mzima hakisafishwi kwa kuitafuta takataka moja moja gizani. Hutolewa kila kitu uani, chumba kikabaki kitupu. Kisha hurudishwa kitanda, kabati, mkeka na vyombo vinavyojulikana. Kisichojulikana na mtu hubaki uani, na mwisho wake ni jaa.

Figo hufuata mpango huo. Vitu vinavyoweza kuingia mwilini na kudhuru havina idadi: taka za chakula, mabaki ya dawa, kemikali za kiwandani, vitu ambavyo babu zetu hawakupata kuviona. Lau kama figo ingelazimika kuitambua kila sumu kwa jina lake, ingeshindwa na sumu ya kwanza iliyo ngeni. Kwa mpango huu haina haja ya kuzijua sumu nyingi namna hiyo. Inatosha kuijua mali ya mwili: maji, sukari, chumvi za namna mbalimbali na vitu vichache vingine. Hivyo huvirudisha. Nyingi ya vile vya kigeni, maadamu vimeyeyuka katika maji na seli za mrija hazivitambui, hubaki katika mrija na kutoka nje. Zaidi ya hayo, seli hizo hizo huchukua baadhi ya asidi na mabaki ya dawa kutoka katika damu na kuyatupa ndani ya mrija, ili yasingoje zamu nyingine ya kukamuliwa.

Taka kubwa kuliko zote ni urea. Hiyo hutengenezwa na ini wakati protini za nyama, samaki, maharage na za mwili wenyewe zinapovunjwa. Nyingine ni kreatinini, itokayo katika misuli, ambayo ndiyo madaktari huipima katika damu ili kujua kama figo zinafanya kazi. Ile rangi ya manjano hutokana na mabaki ya chembe nyekundu zilizozeeka na kuvunjwa.

FIGO NA JOTO LA DAR ES SALAAM

Mwishoni mwa mrija ndipo linapoamuliwa suala la maji. Ubongo hupima damu wakati wote. Damu ikizidi kuwa nzito, kwa sababu umetoka jasho au hukunywa, tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji. Mkojo huwa kidogo, wa rangi iliyokolea. Ukinywa maji mengi homoni hupungua, na mkojo huwa mwingi na mweupe. Pombe huizuia homoni hiyo. Ndiyo sababu mnywaji hukojoa zaidi ya alivyokunywa, na kuamka asubuhi na kiu kali.

Lakini ubahili wa figo una mpaka. Taka za siku moja zinahitaji kiasi cha nusu lita ya maji ili ziyeyuke na kutoka. Chini ya hapo taka huanza kurundikana katika damu. Kwa sababu ya mpaka huo huo, mvuvi aliyepotea baharini hawezi kujiokoa kwa maji ya bahari. Lita moja ya maji hayo ina gramu 35 hivi za chumvi, na figo ya binadamu haiwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi nyingi kama hiyo. Ili kuitoa chumvi hiyo ingebidi itumie maji mengi zaidi ya yale aliyokunywa.

Jambo hili lawahusu wafanyakazi wengi. Mchukuzi wa bandarini, fundi mwashi, mwoka mikate na kondakta wa basi hupoteza lita kadhaa za jasho kwa siku. Wako akina mama wauzao sokoni ambao hawanywi maji kutwa nzima kwa kuwa choo kiko mbali au ni kichafu, na madereva wa safari ndefu wafanyao vivyo hivyo ili wasisimame njiani. Wote hao wanazidai figo zao zifanye kazi kwa maji haba, na mkojo ulio mzito siku zote huzaa vijiwe. Si lazima mtu mzima anywe ndoo nzima kwa siku, wala maji mengi kupita kiasi hayaongezi usafi wa figo. Kunywa kila uonapo kiu, ongeza siku ya joto na ya kazi nzito, na utazame rangi: manjano hafifu ni dalili njema, rangi ya chai kavu ni onyo.

Kwa mtoto mdogo hatari huja upesi zaidi. Kuhara na kutapika kwa siku moja kwaweza kumkausha kiasi cha figo kukosa damu ya kutosha ya kukamua. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za kliniki mara tu kuhara kunapoanza, na ukiona amekaa saa sita bila kukojoa, usingoje kesho: mpeleke kituo cha afya.

MKOJO HUSEMA

Kwa kuwa sasa unazijua hatua zote mbili, waweza kufahamu lugha ya mkojo.

Protini katika mkojo maana yake ni kwamba kifumbu kimetoboka, na machicha yanapita. Mkojo wa namna hiyo aghalabu hufanya povu zito lisilokwisha upesi, na mwenyewe aweza kuvimba uso asubuhi na miguu jioni. Kwa mama mja mzito, protini pamoja na presha iliyopanda ni dalili ya ugonjwa wa kifafa cha mimba unaoweza kumuua yeye na mtoto. Ile chupa ndogo anayoombwa kliniki ina kazi kubwa kuliko anavyodhani.

Sukari katika mkojo mara nyingi huonyesha kwamba waokoaji wamezidiwa. Seli za mrija zina uwezo wa kurudisha sukari hadi kiwango fulani. Katika damu ikipanda kupita milimo 10 hivi kwa lita, hushindwa kuibeba yote, na inayobaki hutoka ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari hukojoa sana na kuona kiu isiyokatika. Katika miaka ya 2010 zilianza kutumika dawa ambazo kwa makusudi huzuia sukari isirudishwe, nazo zimeonekana kuzikinga figo za wagonjwa wengi wa kisukari; lakini hizo ni dawa za kuandikiwa na daktari.

Damu katika mkojo wa mtoto wa kiume, hasa kule kwenye madimbwi, mito na mashamba ya mpunga, mara nyingi ni kichocho. Wako wazee waliodhani ni ishara ya kijana kubalehe. Siyo. Vijidudu vya kichocho huweza kuiziba mirija inayoteremsha mkojo, mkojo ukarudi nyuma na kuiharibu figo. Dawa yake ipo, tena hunywewa kwa siku moja.

KIMYA KINGI

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hakuna kiungo kinachoustahili msemo huo kuliko figo. Nefroni zote alizo nazo mtu zimekwisha kutengenezwa kabla hajazaliwa. Inayokufa haioti tena. Zikifa baadhi, zilizobaki hubeba kazi ya wenzao bila manung'uniko. Mtu aweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake na asihisi lolote. Uchovu, kichefuchefu, mwili kuwasha, kukosa pumzi na kuvimba aghalabu huja mwishoni, wakati kilichobaki ni kidogo sana.

Na usitegemee maumivu yakuonye. Watu wengi huumwa mgongo wakasema ni figo, ilhali mgongo wa mfanyakazi mara nyingi huuma kwa sababu ya misuli na mizigo. Magonjwa yanayoziua figo taratibu, kwa kawaida hayaumi.

Maadui wakubwa wawili ni presha na kisukari. Vile vifundo vya vishipa vimeumbwa kukamua kwa nguvu ya kiasi. Presha ikiwa juu mwaka hadi mwaka, kuta zake hupata makovu na kuziba. Mbaya zaidi, figo iliyoumia hudhani damu ni haba, ikatoa kemikali zinazoipandisha presha juu zaidi, na mzunguko huo hauna mwisho pasipo matibabu. Sukari nyingi nayo huziharibu kuta hizo kwa njia yake.

Adui wa tatu tunamnunua wenyewe. Vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu iingiayo katika figo. Kwa mtu mwenye afya aliyekunywa maji, vidonge vya siku mbili tatu kwa kawaida havina neno. Kwa mzee, kwa mwenye presha, au kwa aliyekauka kwa jasho, kuvimeza kila siku kwa ajili ya mgongo ni kujichimbia shimo. Dawa za mitishamba zisizojulikana kipimo zaweza kufanya vivyo hivyo.

FIGO ZIKIFA

Figo zikishindwa, mwili haupotezi usafi tu. Figo ndizo zinazouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, na ndizo zinazoikamilisha vitamini D inayoijenga mifupa. Mgonjwa hupungukiwa damu na mifupa yake hudhoofika.

Mwaka 1943, katika mji wa Kampen nchini Uholanzi, daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu kwa kutumia utando mwembamba wa kufungia soseji. Mashine za leo ni bora mara nyingi zaidi, lakini mgonjwa kwa kawaida huunganishwa nayo mara tatu kwa juma, saa nne kila mara. Ni saa 12 kati ya saa 168 za juma. Kazi ambayo figo huifanya bila kupumzika, mashine huifanya kwa sehemu na kwa zamu, tena kwa gharama inayoweza kuifilisi familia isiyo na bima.

Njia nyingine ni kupandikiza figo ya mtu mwingine. Mwaka 1954 mjini Boston, Marekani, daktari Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake, na mgonjwa akapona. Hapa Tanzania, ambako zamani wagonjwa walipelekwa nje, hasa India, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza Novemba 2017, madaktari wake wakishirikiana na wenzao kutoka India. Mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Aliyetoa figo moja, akiwa amechunguzwa vema, huishi kwa ile iliyobaki, kwani nayo huongeza juhudi ili kuziba pengo. Lakini si kila mgonjwa ana ndugu anayelingana naye, na aliyepandikizwa hutumia dawa maisha yake yote.

FANYA HAYA

Basi, ndugu msomaji, kinga yenyewe si ya gharama kubwa. Kapime presha yako angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huumwi. Kapime sukari, hasa ukiwa umepita miaka 40, au ukiwa na ndugu mwenye kisukari, au mwili wako ukiwa mzito. Ukiwa tayari una ugonjwa mmojawapo, mwombe daktari apime pia protini katika mkojo na kreatinini katika damu. Vipimo hivyo viwili huweza kuiona figo inayougua miaka mingi kabla mwenyewe hajahisi. Dawa za presha usiziache kwa sababu umejiona mzima, maana umejiona mzima kwa sababu ya dawa. Punguza chumvi: Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Acha sigara. Na kabla ya kununua kidonge cha maumivu kwa mara ya tatu katika juma, muulize mfamasia ni cha jamii gani.

Usiku wa leo, utakapokuwa umelala, figo zako zitamwaga na kuokoa lita zipatazo 60. Hazitakuamsha ili kukueleza kama zimechoka. Ni juu yako kwenda kuziulizia hali, nazo hutoa jibu katika kipimo kidogo cha mkojo.